Mama Emérita Haombi Avansi

Katika depo ya maharage ya Papa Apollinaire, pale Masisi-centre, chini kidogo ya soko, wafanyakazi wote huomba avansi. Mlinzi huomba mwezi ukiwa bado mchanga. Wapakizi huvumilia kidogo, kisha nao huja mmoja mmoja, kofia mkononi, wakitaka kipande cha mshahara ambao hawajaufanyia kazi. Jean-de-Dieu, dereva wa Fuso, huomba akiwa ameshika usukani na injini inanguruma, kwa sababu anajua tajiri hawezi kubishana na gari lililokwisha kuwaka. Papa Apollinaire hunung'unika, hutoa, hukata mwisho wa mwezi, na mwezi unaofuata wanaanza upya. Hilo halimsumbui. Alikuja kutoka upande wa Butembo akiwa kijana, akauza chumvi, akauza mafuta, akafungua depo, na katika miaka yote hiyo amejifunza kumtegemea mfanyakazi mwenye deni lake kuliko asiye na deni. Mwenye deni lazima arudi kesho asubuhi.

Asiyeomba alikuwa mmoja tu: Mama Emérita wa Kingi, mshika kopo.

Kopo lenyewe lilikuwa la maziwa ya unga, kubwa, mdomo wake umepigwa nyundo ukawa sawa. Wakulima walishuka milimani na gunia la maharage, kamba ya mzigo imekaza kwenye paji la uso, shingo zimesimama kama nguzo. Mama Emérita aliketi kwenye kigoda. Alichota maharage katika gunia la mkulima, akapitisha kijiti juu ya kopo ili lisizidi wala lisipungue, akamwaga katika gunia la depo, akahesabu kwa sauti ambayo mkulima na tajiri wote waliisikia. Kwa hesabu hiyo ndipo mkulima alilipwa. Chini yake lilitandikwa turubai kuukuu, jeupe zamani, ambalo lilifika mjini mwaka mmojawapo wa kambi za wakimbizi na halikuondoka tena.

Maharage hayatulii. Kati ya gunia la mkulima na gunia la depo, hapa yanaruka matatu, pale matano, na hayo yaliyoangukia turubai yalikuwa ya mshika kopo. Ndivyo alivyokuta na ndivyo wengine walivyokuta kabla yake, katika depo zote za mtaa ule. Jioni alikusanya pembe nne za turubai, akapepeta vumbi, akafunga maharage katika kitenge, akapanda kwenda Kingi akiwa ameyabeba mgongoni kama mtoto aliyelala.

Mshahara wake ulikuwa dola thelathini kwa mwezi. Ulikuwa dola thelathini siku depo ilipofunguliwa, wakati pesa hiyo ilinunua gunia la unga, chumvi, sabuni, daftari za watoto, na bado kitu kikabaki kwa ajili ya sadaka. Tangu hapo bunduki za barabarani zimebadilisha mikono zaidi ya mara moja, benki za Goma zimefunga milango, na kila bariere ya kutoza pesa barabarani imeweka kidole chake katika bei ya unga. Mshahara peke yake ndio haukusogea. Ulibaki pale pale, kama mtu aliyeambiwa asubiri gari na hakuna aliyerudi kumwambia kwamba gari limekwisha pita.

Shaka ilianza na radio.

Asubuhi moja ya mvua, mtangazaji alisema kwamba serikali kule Kinshasa imepandisha SMIG, yaani ule mshahara ambao sheria inasema mtu asilipwe chini yake. Wapakizi walikuwa wamejibanza chini ya bati wakisubiri mvua ipungue. Jean-de-Dieu alipunguza sauti ya radio.

"Bandugu, mumesikia? SMIG iko njiani. Anatoka Kinshasa na miguu. Akifika Walikale matope itamukamata, atatuita tuende kumuvuta na Fuso."

"Na akifika hapa atalala wapi?" akauliza mlinzi.

"Kwa Papa Apollinaire. Papa, utamupokea mugeni?"

Papa Apollinaire hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Akuye. Lakini kwanza alipe bariere zote, kama miye."

Wakacheka, hata yeye akacheka. Ni Mama Emérita tu ambaye hakucheka. Alikuwa akipitisha kijiti juu ya kopo, taratibu, kana kwamba habari ile ilimhusu mtu wa nchi nyingine. Papa Apollinaire akaona. Wenye njaa wanacheka njaa yao, alijisemea. Huyu ana nini? Na hapo likamjia jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yake miaka yote: mama huyu hajawahi kusimama mlangoni kwake na kuomba.

"Mama Emérita," akasema, "weye hauna shida?"

"Shida iko, Papa."

"Mbona hauombaki avansi?"

"Nitaomba siku itanishinda."

Lilikuwa jibu la heshima. Lakini neno lile la mwisho lilikaa sikioni mwa Papa Apollinaire kama maji ya kuogea. Kwa hiyo bado haijamshinda. Ana watoto watatu, mkubwa yuko sekondari. Ana mama mkwe ambaye miguu yake imevimba na anataka dawa. Mumewe alikwenda Walikale kutafuta, na wanaume wengi waliokwenda kutafuta huko hawajapata hata njia ya kurudi. Na Jumatatu mama huyu huja akinukia sabuni.

Sabuni ndiyo iliyomkosesha raha. Alianza kuinusa kila mara alipopita karibu na kigoda.

Alifanya hesabu kichwani, akiwa kwenye misa, akiwa anakula, akiwa anamsikiliza mtu mwingine. Dola thelathini, toa unga. Hapo hapo hesabu ilikwisha, na mama alikuwa hajanunua mboga. Kila alipoirudia ilikwisha mahali pale pale, na kila ilipokwisha alizidi kuamini kwamba anaibiwa. Hakuwaza kwamba hesabu ile ilikuwa inamwambia jambo lingine. Alikuwa mtu wa biashara, na katika biashara kikikosekana kitu mahali, basi kimekwenda mahali.

Kwanza alidhani ni mume anayetuma pesa. Barabara iliporuhusu, alimtuma Jean-de-Dieu apeleke chumvi na mafuta Walikale, akamvuta kando ya gari.

"Kule iko mwanaume mumoja, Théoneste, wa Kingi. Anabebaka mizigo kwenye soko. Muangalie. Usimuulize kitu, muangalie tu."

"Nimuangalie nini, Papa?"

"Kama amenona."

Jean-de-Dieu alirudi baada ya muda mrefu, gari limevaa matope mpaka kwenye vioo.

"Nilimuona," akasema. "Analala juu ya magunia ya watu. Aliniomba nauli ya kurudia kwake. Miye! Nikamuambia, ndugu yangu, hata hii gari si yangu."

"Ao anakudanganya."

"Papa, suruali yake ilikuwa inafungwa na kamba ya maganda ya muti. Muntu hawezi danganya mpaka kwenye kiuno."

Jean-de-Dieu hakuwa mtu mbaya, ila mdomo wake haukuwa na breki kama yalivyokosa breki magari mengine ya barabara ile. Siku hiyo hiyo alimpitia Mama Emérita kwenye kigoda. "Bwana yako anakusalimia sana. Yuko muzima."

Kopo likasimama hewani. "Ulimuona aje? Walikale ni kubwa."

"Si Papa alisema nimuangalie kama..."  Akapanda gari na kulisogeza mahali ambapo halikuhitaji kusogezwa.

Mama Emérita akamimina kopo. Tangu dakika ile naye alianza kuangalia. Aliona kwamba tajiri anapita nyuma yake mara nyingi kuliko zamani. Aliona kwamba mlinzi, ambaye zamani alimpungia mkono jioni, sasa anaangalia ukubwa wa kitenge chake kwanza. Alikumbuka kwamba Mama Kasoki, mke wa tajiri, ana mdogo wake kule Butembo ambaye amemaliza shule na hana kazi. Wanataka kigoda, akawaza. Wanatafuta sababu tu. Na nikitoka kwenye kigoda hiki, turubai linabaki hapa.

Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Dola thelathini angeweza kuzililia siku moja. Turubai ndilo lililokuwa likimlisha.

Maana ukweli wa nyumba yake ulikuwa huu. Maharage ya kitenge yalipikwa nusu. Nusu nyingine ilibadilishwa kwa jirani: kwa huyu ikawa unga wa muhogo, kwa yule mwenye kibanda ikawa kipande cha sabuni, na shule ilipofukuza watoto, bakuli za maharage zilizowekwa moja moja kwenye pipa la nyumbani zikauzwa zikawa prime, ile pesa ambayo wazazi humlipa mwalimu. Na mkono wake? Mkono wake ulikuwa mnyofu kwenye kijiti. Kopo lake halikumpunja mtu. Lakini kuna siku, mama mkwe akiwa amekesha kwa maumivu, ambapo mkono ulitetemeka kidogo zaidi kwenye mdomo wa gunia, na maharage yakaruka saba badala ya matatu. Hakumwambia mtu. Labda hata yeye mwenyewe hakujiambia.

Jumapili moja baada ya misa, Mama Kasoki alitokea Kingi, viatu mkononi kwa ajili ya utelezi. Alisema anatafuta kuku wa kienyeji. Mama Emérita aliangalia viatu vile, akaangalia mlima aliopanda mke wa tajiri ambaye kuku humfikia mlangoni, akasema karibu.

Watoto walimletea mgeni maji ya kunawa. Chakula kikawekwa mezani, bugali na sahani ya maharage. Mama Kasoki alikula vizuri, kwa adabu, lakini macho yake hayakukaa kwenye sahani. Yalipanda kwenye bati, yakashuka kwenye masufuria, yakaingia chumbani kupitia pazia. Kisha yakarudi kwenye maharage na kusimama. Yalikuwa ya njano, mekundu, meupe, meusi, yenye madoadoa kama yai la ndege. Mkulima wa Masisi hupanda alichonacho na hula alichopanda. Hakuna shamba moja linalozaa sahani ya namna ile.

"Maharage yako iko tamu, dada," akasema. "Ulilimia wapi?"

"Sikulima, Mama. Ni ya turubai."

Alisema hivyo akimtazama usoni. Mtoto mdogo aliyekuwa akila pembeni alidhani ni jina la shamba.

Mama Kasoki alimaliza sahani yake. Wakati wa kuondoka hakukumbuka kuku, na Mama Emérita hakumkumbusha.

Nyumbani, Mama Kasoki alimsimulia mumewe kila kitu, na sauti yake ilikuwa na huruma. "Batoto wanatosheka, lakini hakuna kintu pale. Kitanda kimoja. Ule mama mukubwa analala kwenye mukeka."

Papa Apollinaire alisikia neno moja tu. "Ni ya turubai. Amekuambia hivyo, na mudomo yake?"

"Alisema. Hakuficha."

"Basi anakula turubai. Anavaa turubai. Batoto wanasoma turubai." Akasimama, akakaa. "Na turubai iko mu depo ya nani?"

"Apollinaire. Uko namulipa ngapi?"

"Kama wengine."

"Haya. Na wengine wanaishi aje?"

Mke wake aliliuliza swali hilo bila nia mbaya, lakini lilimfungulia mumewe mlango mwingine wa shaka. Kweli, wengine wanaishije? Mlinzi ana wake wawili. Jean-de-Dieu anavuta sigara za pakiti. Jioni ile Papa Apollinaire alipita kwenye depo akapiga mateke magunia, akachungulia tanki la mafuta la Fuso kwa tochi. Kila mtu aliyemlipa alimwonekea mwizi, kwa sababu kila mmoja alikuwa bado hai.

Jumatatu asubuhi Mama Emérita alikuta turubai limekunjwa na kuwekwa juu ya dari. Sakafu ilikuwa imefagiliwa.

"Kuanzia leo," akasema Papa Apollinaire, "ile itaanguka inarudia mu gunia ya depo. Kila muntu iko na mushahara yake hapa."

Mama Emérita aliangalia juu, akaangalia sakafu. "Ndiyo, Papa," akasema, akaketi.

Wakulima walikuwa wamekwisha panga mstari. Wa kwanza alikuwa Mama Constance, mwanamke wa makamo mwenye shamba juu kabisa ya Kingi, ambaye aliongea na watu wote kwa sauti ya kumwita mtu wa ng'ambo ya bonde. Alitua mzigo, akatoa kamba kwenye paji la uso, akajifuta jasho. Kopo la kwanza, la pili, la tatu. Maharage yakaruka. Mpakizi akayafagia na kuyatia katika gunia la depo.

Mama Constance akainua mkono. "Ngojeni. Ile ameokota ni ya nani?"

"Ya depo," akasema Papa Apollinaire.

"Umeilipa?"

"Mama, ni punje chache tu."

"Najua ni chache. Nilizilima. Nauliza, iko mu kopo yenye umelipa?"

Papa Apollinaire alitazama kopo. Haikuwa katika kopo. Mstari wote ulikuwa ukisikiliza.

"Ile yenye inaanguka tulimuachiaka huyu," Mama Constance akasema, akimwonyesha Mama Emérita kwa kidevu. "Juu kopo yake haina hila, na juu naye iko na batoto. Hatukukuachiaka weye. Weye uko na gari."

Kicheko kikapita kwenye mstari. Mama Constance alipiga magoti, akatandika ncha ya kitenge chake, akaanza kuokota maharage yake, moja baada ya jingine, hata yaliyoingia kwenye ufa wa sakafu. Hakuharakisha. Alipomaliza akasimama, akasema, "Endelea, mama yangu," na baada ya kopo lililofuata akapiga magoti tena.

Na aliyekuwa nyuma yake akafanya hivyo hivyo. Na aliyekuwa nyuma ya huyo.

Hakuna aliyegombana na mtu. Walipima, wakapiga magoti, wakaokota, wakapima. Mzee mmoja mwenye macho mabovu alisaidiwa kutafuta punje zake na watu wa nyuma, na wote walibishana kwa upole kuhusu punje fulani nyekundu kama ni yake au ya aliyemtangulia. Jua lilipanda, mstari haukusogea. Waliokuwa mwisho walibeba magunia yao wakavuka barabara kwenda depo ya pili, ambako turubai lilikuwa bado chini. Jean-de-Dieu alikuja mara kwa mara kutazama mzigo, kisha kutazama jua, kwa sababu bariere ya njia ya Sake hufungwa giza likikaribia na anayechelewa hulala hapo na kulipia usingizi wake. Mwisho aliondoka na gari lisilojaa. Magunia yalikuwa yanachezacheza nyuma kama meno ya mzee.

Mama Emérita alikwenda nyumbani kitenge kikiwa kimekunjwa begani. Njia nzima alijua kesho kutakuwa na nini.

Kesho ikawa. Wakulima wachache walikuwa wamefika mapema, Mama Constance akiwa kati yao, maana hakuuza yote. Papa Apollinaire hakungoja hata Mama Emérita aketi.

"Umewafundisha," akasema.

"Nani, Papa?"

"Bale. Unawafundisha kule Kingi, wanakuya kunifungia depo. Kwanza turubai, leo bantu. Kesho utaniomba nyumba."

"Sikuongea na muntu. Muulize Mama Constance, kama ananiogopa."

"Simuogope hata mbwa yake," akasema Mama Constance kutoka mlangoni. Hakuna aliyecheka.

Papa Apollinaire alisogea karibu. Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini depo ilikuwa na bati, na bati halifichi sauti. "Miaka yote hauombi avansi. Wote wanaomba, weye hauombi. Batoto wanasoma. Unanukia sabuni. Na bwana yako kule Walikale hana hata mukaba, nilituma muntu aangalie. Usinidanganye, mama. Hakuna muntu anaweza ishi na ile nakulipa."

Neno likatoka, likasimama katikati ya depo kama mtu aliyeingia bila kubisha. Papa Apollinaire mwenyewe alilisikia limetoka. Jean-de-Dieu, aliyekuwa anapima hewa ya matairi, akawa anapima tairi lile lile.

Mama Emérita alikuwa na mengi ya kusema, na alikuwa ameyapanga usiku. Sasa hayakuwa na kazi. "Njo vile umesema, Papa," akasema polepole. "Hakuna."

"Basi..."

"Basi niongeze."

Hapo Papa Apollinaire alikumbuka bariere, alikumbuka benki, alikumbuka mafuta na gari lililokwenda nusu tupu jana. Aliyataja yote, na yote yalikuwa kweli. Aliwaangalia wakulima mlangoni, akaangalia ng'ambo ya barabara, ambako mstari wa depo ya pili ulikuwa mrefu. Akimfukuza mama huyu mbele ya macho haya, atapima maharage ya nani?

"Teremusha turubai," akamwambia mpakizi. Kisha kwa Mama Emérita, kama mtu aliyelipa deni: "Haya. Turubai imerudi. Unataka nini tena?"

Akatoka nje, na moyoni alihisi ameshinda, kwa kuwa haikumgharimu chochote.

Mama Emérita alitandika turubai, akanyoosha pembe zake. Alikuwa amekibakiza kigoda.  Mama Constance alileta gunia lake akasimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu aliye karibu.

"Nilidhani ni zawadi," akasema.

"Ilikuwa zawadi, dada."

"Apana. Umesikia mwenyewe. Yeye anajua haikutoshi, na anakulipa vile vile, juu anajua sisi tutamaliziya. Kumbe miye niko namulipia mufanyakazi yake. Na miye nani ananilipa?"

Mama Emérita aliinamia gunia. Akachota kopo, akapitisha kijiti. Alipoinua ili amimine, Mama Constance aliweka kiganja chake chini ya mdomo wa kopo, kikiwa wazi, na maharage yaliyoruka yaliangukia humo. Hakufanya kwa chuki. Alifanya kama mtu anayeziba tundu alilogundua kwenye bati lake.

Habari ya maneno ya Papa Apollinaire ilipanda milima kabla ya jioni. Siku zilizofuata wakulima wengi walikuja na viganja vyao. Wachache waliendelea kuacha kidogo, wakisema maskini huyu hana kosa. Lakini hata hao sasa waliangalia kifundo cha mkono wake, jambo ambalo hawakulifanya zamani, na yeye aliona wanavyoangalia, na mkono ukaogopa. Alimimina kama anayemimina mafuta ya kanisani. Kuna jioni alikunja turubai na ndani yake hamkuwa na kitu cha kufunga kitengeni.

Pipa la nyumbani likafika chini. Jirani wa unga wa muhogo akasema samahani. Mwenye kibanda akasema sabuni imepanda. Binti mkubwa alirudishwa kutoka shule, akakaa kizingitini akiwa bado amevaa sare, kwa sababu akiivua, alisema, itakuwa kweli.

Asubuhi iliyofuata Mama Emérita hakwenda moja kwa moja kwenye kigoda. Alikwenda kwenye mlango wa tajiri, akasimama pale ambapo wengine husimama.

"Papa," akasema. "Imenishinda."

Papa Apollinaire aliinua macho. Alimtazama, na kitu kikalegea usoni mwake, kwanza kwenye paji, kisha kinywani. Alikuwa karibu kutabasamu. Hakunung'unika kama anavyowanung'unikia wengine. Alitoa avansi, akaongeza kidogo kuliko alichoombwa, akamwambia amsalimie mama mkwe.

Tangu siku hiyo aliacha kupita nyuma ya kigoda. Alimtania asubuhi, akamuuliza habari za Théoneste kama anayeuliza habari za ndugu. Kwa Jean-de-Dieu alisema, "Ule mama sasa namujua." Na mwezi uliofuata, Mama Emérita alipokuja kuomba tena, Papa Apollinaire alimpa pesa na ufunguo wa depo, ili awe anafungua asubuhi kabla yeye hajafika.

Alipanda Kingi jioni akiwa na ufunguo shingoni, umefungwa kwenye uzi. Mama mkwe alikuwa ameketi nje, miguu juu ya kigunia. Aliuona ukiyumba.

"Wamekupa funguo?"

"Ya depo, mama."

"Ah. Basi wanakuamini."

"Sasa wananiamini."

Kikongwe alitikisa kichwa kwa kuridhika. Ndani, mtoto mdogo alikuwa akichungulia sufuria iliyokuwa motoni. Maharage yalikuwa yale ya bei ya chini yaliyonunuliwa sokoni, ya rangi moja, na hayakufunika sehemu ya chini ya sufuria. Mtoto akauliza kama ile shamba ya turubai imekufa. Mama Emérita alivua ufunguo, akautundika kwenye msumari ambapo zamani alitundika kitenge cha maharage, akaongeza maji katika sufuria.